Wekundu Nyuma ya Majabali

Kama mna umri wangu na magoti bado yanawaruhusu kuingia na kutoka garini, basi zile taa za kaskazini mnaweza kuziona bila kupanda ndege. Mimi nimeziona. Nawaambia kama nilivyoelezwa na mjukuu wangu Zehra, na kama nilivyoona mwenyewe kwa macho haya yaliyokwisha tolewa mtoto wa jicho. Msizitafute hapa Toronto, wala huku kwetu Vaughan, kwa sababu mwanga wa mji unazifunika. Nendeni kaskazini, mpite Barrie, mfike mahali penye ziwa au shamba tupu, ambapo mkitazama kaskazini hakuna mji mwingine mbele yenu. Majira mazuri ni yale majani yanapoanguka, au theluji inapoyeyuka, na mwezi usiwepo. Simu ya Zehra humpigia kelele jua likitema moto wake, kisha mtu anasubiri giza. Mkifika zimeni taa za gari mkae mpaka macho yazoee, maana mwanzoni mtaona kitu kama wingu jeupe na mtasema watoto wamewadanganya. Simu inaziona rangi kabla ya jicho. Na mvae soksi mbilimbili.

Sisi tulikwenda mwaka huu, mimi, Zehra na baba yake Murtaza, mwanangu wa pili. Tulisimama kando ya ziwa pamoja na watu wengine tusiowajua, wana kahawa zao na viti vya kukunja. Kwanza ulikuja ukijani, ukichezacheza kama pazia dirishani. Halafu juu yake ukapanda wekundu. Wekundu mwingi, kimya, hauna joto.

Murtaza akasema, "Mama, hii si ya kuswalia swala ya ayat?"

Zehra anaelewa Kiswahili changu ila hujibu kwa Kiingereza, alichosema ni hiki: "Baba, nimeshaangalia. Wanazuoni wanasema ni mpaka watu wengi waingiwe na hofu. Nani ana hofu hapa? Yule kaka anakula pitsa."

Mimi nikauliza, "Na kule chini ya ule wekundu, wanakaa watu gani?"

"Hakuna mtu, Bibi. Hiyo iko juu sana, juu kuliko ndege."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Bibi."

Nikarudi garini nikafunga mlango. Zehra akanifuata akaniuliza kama nasikia baridi, nikamwambia ndiyo. Sikuwa na baridi. Sikutaka kusimama mbele ya mbingu nyekundu pamoja na watu wanaoitazama tu. Hilo sikumweleza, kwa sababu haliwezi kuelezwa kwa sentensi moja kwenye maegesho ya magari. Wenzangu mliokulia miji midogo ya pamba mtanielewa upesi kuliko yeye.

Nilizaliwa Usukumani, mji wa mtaa mmoja wa maduka, msikiti mmoja na jineri moja ya kuchambulia pamba. Jineri ilikuwa nje kidogo, kaskazini, nyuma ya majabali makubwa yaliyopandana kama kuna mtu aliyeyapanga. Kutoka kwetu huioni. Unasikia injini yake tu, na ikifika msimu inanguruma mchana na usiku mpaka unasahau kwamba unaisikia. Baba yangu, Rajabali, tuliyemwita Bapa, alikuwa karani wa mizani huko. Akirudi nyumbani nyusi zake zilikuwa na pamba, na masikio yana pamba, na mimi na mdogo wangu Mohsin tuligombania kuitoa. Alinukia mafuta ya mbegu za pamba, harufu kama ya jiko la mtu anayekaanga bagia.

Nyumbani alikuwepo Dadima Sakina, mama yake Bapa. Ami Hasanali, mdogo wake Bapa. Mama yangu Shirin. Mohsin, na mimi Kulsum. Dadima hakujua kusoma gazeti, lakini ya dini alikuwa nayo kifuani, na mtaa mzima ulimsikiliza. Mama alitoka Tabora, mwepesi wa mikono na wa kucheka. Walipendana hao wawili, nataka mlijue hilo mapema. Jioni Mama alimkanda Dadima miguu huku wakisengenya wateja wa maduka ya mtaani, na Dadima alikuwa akisema, "Rajabali nilimzaa mimi, lakini huyu Shirin ndiye mwanangu hasa."

Ilikuwa Muharram. Tumevaa nyeusi, kila jioni tunakaa msikitini, na Mulla Fidahusein anatusimulia Karbala. Jioni moja alieleza jinsi mbingu ilivyogeuka nyekundu alipouawa Imam Hussein, wekundu ambao watu walikuwa hawajauona tangu dunia iumbwe. Wanawake walilia. Mimi nilikuwa mdogo, sikujua kwamba hiyo ni habari ya zamani sana. Nilidhani ni jambo linaloendelea mahali fulani, Tabora labda, na kwamba linaweza kufika hata kwetu wiki ileile. Bapa alisikiliza mpaka mwisho, akajipangusa uso, akapanda baiskeli akaenda kazini, maana msimu wa pamba haukupumzikia Muharram.

Sijui tulikuwa tumelala kiasi gani. Dadima alitoka barazani kuchukua maji ya udhu, nikasikia akiita, si kwa kelele, "Shirin. Njoo utazame."

Tulitoka sote. Mawingu yalikuwa yametanda chini, na kaskazini, juu ya majabali, mbingu ilikuwa nyekundu, pana, ikitetemeka kidogo kama ngozi ya ng'ombe anapofukuza inzi. Upepo ulikuwa ukitoka kwetu kwenda kule, kwa hiyo hatukunusa chochote.

"Mbona kimya hivi?" Mama aliuliza. Ndipo nasi tukatambua kwamba injini haingurumi.

"Hata mashine imeogopa," Ami Hasanali alisema, na hakuwa anatania.

Dadima alikuwa ameshaanza kulia. Alilia kama anavyolia msikitini, taratibu, machozi yanateremka hayafutwi. "Mulla alisema jioni hii tu," akasema. "Na sasa tumeonyeshwa. Tawadheni, tuswali ayat."

Kwa asiyeijua, hiyo ni swala ya mambo ya kutisha ya mbinguni na ardhini: kupatwa kwa jua au mwezi, ardhi kutetemeka, upepo mweusi, wekundu usio wa kawaida. Ina rakaa mbili, na katika kila rakaa unarukuu mara tano kabla hujasujudu. Ipo njia fupi, ya kuigawa sura moja vipandevipande. Ipo njia ndefu, ya kusoma Alhamdu na sura nzima kabla ya kila rukuu.

"Nimtume mtu amwite Rajabali aje tuswali pamoja?" Mama aliuliza.

"Mwache," Dadima alisema. "Huko nako wanaswali."

Ami Hasanali alikuwa ameshavaa viatu. "Niende nikatazame tu?"

"Ukatazame nini, Hasanali? Si unaona? Gonga milango ya watu, waamke waswali."

Akagonga. Mtaa ukaamka, mlango kwa mlango, wanaume kwa wanawake, na kila baraza ikatandikwa mikeka. Dadima hakuitaka njia fupi. Alisoma kwa sauti ili sisi tumfuate, akivuta kila neno, na rukuu zake zilikuwa ndefu mpaka migongo yetu midogo ikauma. Lakini sitawaficha, nilikuwa na furaha. Sijawahi kuwa macho pamoja na mtaa mzima namna ile. Nilisikia sauti za watu wazima barazani kote, zinapanda na kushuka, na mbele yangu kisigino cha Mama kimepasuka kidogo pembeni. Kila nikiinuka kutoka rukuu nilitazama juu kwa wizi. Mwanzo wekundu ulizidi. Kisha ukasimama. Tulipotoa salamu na kuketi na tasbihi, ulikuwa umeanza kunywea, na baadaye ikabaki rangi ya chai nyepesi nyuma ya mawe.

Nikamnong'oneza Mohsin, "Tumeuzima."

Luhende alikuja alfajiri. Alikuwa mlinzi wa jineri, mtu mrefu aliyekuwa akitugawia mua. Alikuwa akiikokota baiskeli ya Bapa, hakuipanda, na aliiegemeza kwenye nguzo ya baraza kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. Nikadhani ndivyo, kwamba Bapa alimwazima. Luhende akavua kofia akamwambia Ami Hasanali kwamba pamba ilishika moto karibu na injini, kwamba ghala liliungua, na kwamba Rajabali aliingia kutoa marobota ya watu, yakamwangukia.

Sikumbuki nani alilia kwanza. Nakumbuka upepo uligeuka asubuhi ile. Mbegu za pamba ziliendelea kuungua chini kwa chini siku nyingi, na harufu yake ilikuja mpaka chumbani alimolazwa Bapa amefunikwa. Harufu ya bagia. Nilisikia njaa. Nilikaa pale nimeshika ukanda wa gauni langu, tumbo linanguruma, nikaona aibu bila kujua ni ya nini.

Kwenye matanga walikuja wanawake wa mtaani, na walikuja pia wake za wafanyakazi wa jineri. Mmoja aliitwa Nyanzala, mumewe Masanja alikuwa mtu wa injini na aliungua mikono yote miwili. Walikaa nasi kwenye mkeka, wakashika mkono wa Mama. Nyanzala akasema kwa upole kabisa, hakukusudia ubaya, "Tulipiga madebe kuwaita, dada. Tulipiga mpaka tukachoka. Lakini upepo nao, najua. Mtaa wenu ulikuwa umelala."

Mimi nikaona hapo tunasingiziwa.

"Hatukulala," nikasema. "Tuliona sote. Tuliswali mpaka ukazimika."

Shanga za Dadima, ambazo hazikuwa zimenyamaza tangu maziko, zilisimama.

"Mliona," Nyanzala alisema. Hakuwa anauliza.

Mama akanitazama. Hakunikasirikia. Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa kwa macho kabla ya kukikata.

Kisha ikaja eda. Mama alikaa chumba cha ndani, hatoki, haonekani na wanaume, anazungumza na kuta zaidi kuliko na sisi. Siku moja aliniita, akafunga mlango, akaniambia niende jineri kwa Luhende nikamuulize kama Bapa alikufa mara moja.

Nikamkuta Luhende langoni analinda majivu. Nikamuuliza kama nilivyotumwa. Alikuwa anamenya kiazi kitamu, akakiweka chini.

"Mwambie mama yako, baba yako alilala. Yale marobota yalimwangukia, akalala."

Nilifurahi. Nilijua pamba ilivyo laini. Nilimwona Bapa katikati yake, nyusi nyeupe, amelala. Nikampelekea Mama maneno hayo kama nilivyopewa, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Rudi. Muulize alisema nini kabla hajalala."

Safari hii Luhende alikasirika. "Hakuna mtu mzima kwenu wa kutumwa? Mwambie mama yako aje mwenyewe atakaporuhusiwa kutoka."

Mama akanirudisha tena. "Mwambie Shirin amesema hawezi kungoja. Mwambie nakuomba."

Luhende aliposikia neno hilo alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Akasema polepole ili nisisahau. "Aliita majina. Alikuwa hapo ndani tunamsikia. Alianza Shirin, halafu Kulsum, halafu Mohsin, halafu Hasanali. Akimaliza, anaanza tena. Sisi tulikuwa wachache, wengine wamekimbia, na Masanja mikono ndiyo ile. Robota limeloa maji, halinyanyuki. Tulikuwa tunasema, ngojeni, watu wa mtaani wanakuja."

Nikakimbia nayo nyumbani kama mtoto aliyepewa pipi. Bapa alitukumbuka sote. Hakumruka mtu. Tangu siku ile jina la mtu likiingia kichwani mwangu halitoki tena. Watoto wangu hunicheka kwamba najua hata majina ya mapaka ya jirani zetu wa kule. Wacha wacheke.

Mama alinitaka niseme tena, kwa mpangilio uleule. Nikasema tena. Akaniuliza, "Na Dadima?"

Nikafikiri. "Dadima hakumtaja."

Akanivuta akanifunga vizuri ushungi. "Nenda ukamwambie Dadima kwamba Bapa aliita majina. Na umwambie alianza na lake. Alisema Ma, halafu ndiyo sisi."

"Luhende hakusema hivyo, Mama."

"Mimi ndiye nasema."

Nikaenda nikasema. Dadima alikuwa kitandani, amegeukia ukuta. Tangu yale maneno ya Nyanzala alikuwa hali vizuri na msikitini hakwenda. Aliposikia aligeuka, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakibusu, akalia kwa sauti kubwa ambayo hakuilia hata siku ya maziko. Jioni hiyo alikula wali kidogo. Mama alimlisha.

Nilidhani yameisha. Mtoto akimwona mtu mzima anakula, hudhani yameisha.

Siku Mama alipotoka eda, alioga asubuhi mapema, akavaa, akaniita nimfuate. Dadima alikuwa bado hajaamka. Mama akatoka barazani akasimama palepale ulipokuwa mkeka wake usiku ule, akainua mikono usawa wa masikio. Nikajua anataka kuswali, nikashangaa, maana hakutandika kitu na macho yake hayakushuka mahali pa kusujudia. Yaliangalia majabali.

Akasema, "Allahu Akbar." Akashuka barazani akaanza kutembea.

Alikuwa anasoma ile swala. Alhamdu yote na sura yote, kwa sauti ninayoisikia mimi niliye pembeni yake, tena kwa mwendo wa Dadima. Pale Dadima alipovuta, naye alivuta. Akifika rukuu aliinamisha kichwa bila kusimama, akasoma dhikri kwa urefu uleule wa Dadima, akainua kichwa, akaanza Alhamdu nyingine. Miguu yake haikukimbia. Alitembea kama mwanamke mwenye haraka anavyotembea, amenishika mkono. Muuza duka Jaffer alikuwa anafungua milango, akamsalimu, "Shirinbai, pole, umetoka?" Mama hakumjibu, mdomo wake ulikuwa na kazi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuelewa yote, lakini nilielewa anachopima. Nikaanza kuomba kwa moyo wangu wote kwamba swala iishe njiani. Nilitamani ameze maneno, arukuu haraka, atoe salamu pale kwenye upenyo mwembamba kati ya mawe mawili, ili tufike tukiwa tumeshamaliza, ili iwe kwamba hata tungetoka wakati ule wa kwanza tusingewahi kitu. Nikaanza kuburuza miguu. Nilijifanya nina mwiba. Mama alininyanyua akanibeba kiunoni, mkubwa hivyo, akaendelea kusoma.

Tulitokea upande wa pili wa majabali na jineri ikawa mbele yetu, mabati yamejikunja, langoni Luhende anasimama kwa adabu. Mama aliendelea mpaka akagusa chuma cha lango kwa mkono wake. Akanyamaza. Alikuwa ndani ya rakaa ya kwanza. Alikuwa bado hajasujudu.

Luhende akasema, "Mama," kisha akavua kofia.

Mama akaniteremsha chini. Halafu, amesimama pale, mkono kwenye lango, akaanza tena pale alipoishia akaisoma iliyobaki. Yote, kwa mwendo uleule. Jua lilipanda. Niliketi chini nikaegemea mguu wake, na kila Alhamdu ilipoanza nilidhani ndiyo ya mwisho, na haikuwa ya mwisho. Luhende alisimama wakati wote ule, kofia mkononi, anatazama ardhi. Sijui Mwarabu wala Msukuma anayeweza kuniambia muda ule ulikuwa mrefu kiasi gani. Watu wangeweza kufika, wakanyanyua, wakamtoa, wakampa maji akanywa, akakaa kivulini akaongea.

Alipotoa salamu alimshukuru Luhende. Akanipangusa vumbi kwenye gauni. "Twende," akasema, "Dadima hajanywa chai."

Tulimkuta Dadima ameshaamka, amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, anatutazama tunavyoingia na vumbi letu.

"Mlikuwa wapi asubuhi yote hii, Shirin?"

Mama alikuwa ameshainama anapuliza moto wa jiko.

"Sokoni, Ma," akasema.

"Mmepata nini?"

"Hakukuwa na kitu."